Saba Kwa Meza ya Puli

Chicago, miaka ya hamsini. Mathee mmoja anapita nje ya jointi ya puli, mchana kavu, masaa ya shule. Anachungulia ndani, anapata machali wamejaa kwa meza. Mzazi yeyote hapo angeuliza mbona hawa watoi hawako klasi. Mathee huyo, mshairi Gwendolyn Brooks, alikuja kusema kwamba swali lake lilikuwa lingine: hawa wasee wanajionaje? Hapo ndio "We Real Cool" ilitokea. Jarida la Poetry liliichapisha 1959, na mwaka uliofuata ikaingia kwa kitabu chake The Bean Eaters. Brooks alikuwa na miaka 42, ako na bwana na watoto wawili, na tuzo ya Pulitzer alikuwa ameibeba tangu 1950, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hakuwa tineja. Alikuwa mtu mzima mwenye alikubali kuskiza kabla ya kufoka.

Shairi lenyewe ni fupi hadi unaweza kulishika kichwani kwa dakika moja. Mistari nane, maneno yote ya silabi moja moja, yanagongana kama mipira kwa meza. Wachezaji ni saba. Jointi inaitwa Golden Shovel, beleshi ya dhahabu. Dhahabu ni huo ujana wao unang'aa, na beleshi, kila mtu amewahi kuzika anajua kazi yake. Maboyz wanajitambulisha na kiburi: shule walitoka, usiku ni wao, puli wanaiweza, jin inashuka, mahewa inalia. Alafu mwisho wanasema hawana siku nyingi. Wanalisema hilo na sauti ileile ya kujipiga kifua, na ndio maana linauma.

Sasa cheki venye ameipanga. Kila mstari, kutoa wa mwisho, unaishia na "We", yaani "sisi". Hilo neno linaachwa pale pembeni, solo, kabla jicho lishuke mstari unaofuata. Sisi tumekua tukikariri vina tunashika huu mchezo haraka. Sikio likizoea sauti moja mwisho wa mstari, linaanza kuingoja. Brooks anakupea "sisi" mwisho wa mistari saba, wachezaji saba, na ya nane anakunyima. Mstari unafika na hakuna mtu kwa ile nafasi yao. Mbogi imeisha, na imeisha kwa mdomo wake yenyewe. Hakuna ticha ameingia kutoa hotuba, hakuna pasta, hakuna mzee wa mtaa. Matokeo ya kuasi yako ndani ya umbo la shairi, na ukilisoma kwa sauti unasikia pengo.

Kuna kitu kingine Brooks alieleza kuhusu hilo "sisi". Yeye akilisoma alikuwa analitoa polepole, sauti ya chini, juu alitaka tusikie venye hawa machali hawako shua na wao wenyewe. Mimi hapo ndio naonanga alikuwa anawajua vijana. Msee wa miaka 16 mwenye anakuambia hajali kitu, ukimskiza poa, utapata ile "hatujali" yake inatetemeka kidogo. Anaisema kwa wingi juu akiisema pekee yake itaanguka.

Lakini kenye kimenifanya nirudie hili shairi miaka yote ni kile Brooks hakusema. Hakusema nani atawadedisha. Ni jin? Ni kisu cha mbogi ingine? Ni karao? Ni kukosa kazi mpaka mwili uchoke? Amesema tu watakufa mapema, na akanyamaza. Hakuandika popote kwamba walistahili. Hapo ndio mashairi mengi yetu ya vijana huku Kenya yanateleza. Yanachukua matokeo na hukumu yanachanganya, ni kama ukitoka shule basi chochote kitakachokupata ulikitafuta. Mathare Social Justice Centre walitoa ripoti 2017 kuhusu vijana wenye polisi wamewamaliza mtaani, na jina la hiyo ripoti ni swali: nani anafuata? Kuna wasee kwa hizo stori shule waliacha juu karo iliisha. Kuna wengine waliiba kweli. Risasi ilifika kwa wote, na wengi hawakuwahi kuona jaji. Mshairi akiandika hiyo kama funzo la "ona sasa", anakuwa amemsaidia mwenye alifyatua.

Kama umesoma Kenya umekaa kwa hizo hall za tamasha za muziki na drama. Watoi wa shule wamepangwa laini tatu, uniform imepigwa pasi, mikono inapanda na kushuka pamoja. Shairi ni la mihadarati. Kuna chali, mara nyingi anaitwa Juma, alikuwa namba moja klasi. Akapatana na mabeshte wabaya. Ubeti wa pili anavuta ngwai, wa tatu anaiba simu ya mathee, wa nne ako jela ama ako kaburini, alafu laini zote tatu zinanyoosha kidole kwa watu na kusema wenzetu tujihadhari. Hall inapiga makofi, majaji wanaandika maksi.

Na hao watoi ni noma, hiyo siwezi kataa. Sauti zao, mapigo yao, venye wanapumua pamoja, unasisimka. Shida ni maneno wamepewa. Ticha ndio ameyaandika, na Juma hajapewa hata mstari mmoja wa kujieleza. Hatujui ile siku ya kwanza alivuta alikuwa anahisi nini. Hatujui kama kwao kulikuwa na dishi. Hatujui kama hao mabeshte wabaya ndio watu pekee waliwahi kumuuliza ameshindaje. Laini ya pili pale kuna msee anasneki kila wikendi, anaruka fensi kuenda kucheki mpira tao, na anayatamka hayo maneno bila moja hata kumgusa. Anajua Juma ni mtu wa karatasi.

Sisemi shairi lisionye. Kuna vitu vya kuonywa, na Kenya inavijua vizuri sana. Usiku wa Machi 2001, pale Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa na petroli ya wanafunzi wenyewe, na machali 67 wakadedi ndani. Walikuwa wamelala. Hasira ya wasee wachache kwa usimamizi wa shule, matokeo yakaangukia watu wengine kabisa. Tangu hapo mabweni yameendelea kuwaka, 2016 peke yake shule zaidi ya mia moja ziliguswa. Lile shairi la Juma litabebaje hiyo? Ubeti wa nne kila mara unampeleka jela ama kaburini yule aliyekosa, lakini hapa hao 67 hawakuwa wamekosa kitu. Hapa unahitaji shairi lenye "sisi" yake ni nzito kuliko ya Brooks: sisi tulijua kuna kitu kinapangwa, sisi tulinyamaza juu kusema ni kusaliti, sisi tuliamka. Mtoi ndio anaweza kuliandika hilo, mwenye amelala bweni na anajua mlango unafungwa na kufuli saa ngapi. Ticha akiandika atatoa lawama. Mwanafunzi akiandika atatuonyesha venye kimya cha mbogi hufanyanga kazi.

Ni haki pia niseme hatukuanza na Juma. Fasihi yetu ina mashairi ya mzazi kwa mtoto yenye uzito wa kweli. Mwaka 1858, huko pande za Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, na akamtungia msichana wake Mwana Hashima utendi wa wosia. Hashima alikuwa na kama miaka 17. Kuna mengi kwa hiyo utendi mresh wa leo atayapinga, hasa yale ya bwana na utii, na ako na haki ya kuyapinga. Lakini sauti yake si ya mtu anafurahia kukuonya. Ni ya mathee mwenye anahesabu siku zake na anajua hatakuwepo mtoi akikosea. Alifariki kama miaka miwili baadaye. Shaaban Robert naye aliandikia watoi wake: Utenzi wa Hati kwa msichana, Utenzi wa Adili kwa kijana. Hawa wawili walikuwa wanabonga na mtoi wa kweli, yuko pale kejani, ana jina. Hapo ndio tofauti na shairi la tamasha iko. Juma hana mathee.

Kenye kinakosekana ni jibu. Mwana Hashima alisema nini akiusikia huo wosia? Wosia umefika kwetu, wa mathee kwa msichana, na upande wa msichana karatasi iko wazi.

Jibu lilikuja, tu halikupitia vitabu vya shule. Mwisho wa miaka ya tisini machali watatu wa Dandora, Kama, Johnny na Roba, walitoa "Tafsiri Hii" wakijiita Kalamashaka. Dandora ndio mtaa wenye jaa la taka la jiji zima la Nairobi. Hawakuwa wanaielezea geto wakiwa wameiangalia kwa dirisha ya gari. Walibonga kama watu wa ndani, kwa lugha ya ndani, na mtoi wa Eastlands akasikia kwa redio sauti inafanana na ya brathee yake. Kutoka hapo ikakua Ukoo Flani Mau Mau, mbogi kubwa ya wasanii, na 2004 albamu ya Kilio cha Haki. Kuna hasira mle, kuna ngwai, kuna karao, kuna mabeshte waliozikwa. Ukiskiza hutapata mahali wameambia mtoi uhalifu ni poa, na hutapata mahali wamejifanya hawajui kwa nini mtu anaingia. Mimi hizo vesi naziweka rafu moja na Brooks bila kuomba ruhusa.

Na wasichana? Meza ya puli ni ya machali, Chicago na huku pia. Mresh akiasi huwa anaasia mahali pengine, na bei yake ni ya juu zaidi. Brooks alikuwa ameshika hiyo mapema. Kitabu chake cha kwanza, A Street in Bronzeville cha 1945, kina shairi la msichana amelelewa uani mbele, pale kwa maua na usafi, na amechoka. Anataka kuenda nyuma, kwenye magugu, kwenye watoi wa watu wasio na kitu wanacheza bila kuitwa ndani saa tatu kasorobo usiku. Mathee yake anamwonya: yule dem wa kule nyuma atakuwa mwanamke mbaya, na yule chali ataishia jela juu aliuza geti ya watu. Msichana anasikia yote na bado anataka, hadi kupaka rangi usoni na kutembea barabarani akijibamba. Shairi linaishia hapo, kwa hiyo hamu. Haliendi kutafuta mimba ya kumtia adabu.

Linganisha na yule binti wa mashairi yetu. Ubeti wa kwanza ni mrembo, wa pili amedanganywa na chipo na nduthi, wa tatu ako na mimba, wa nne ndoto zimeisha. Yule mwanaume, na mara mingi ni mtu mzima kabisa, shairi limemsahau kabla ya ubeti wa tatu. Nani alimtoa? Tangu 1994 gava ya Kenya iko na sera ya kurudisha shule msichana amejifungua. Kwa karatasi geti iko wazi. Kwa mashairi yetu mengi bado imefungwa, na mtoi wa form two mwenye anayakariri akiwa na tumbo linaanza kuonekana anajifunza kwamba hadithi yake imefika mwisho.

Alafu kuna Juni 2024. Tarehe 25 vijana waliingia tao kupinga Mswada wa Fedha, wakafika hadi ndani ya Bunge, na kati yao kulikuwa na watoi wametoka form four juzi. Hao hao walikuwa wameitwa kizazi cha simu, kizazi hakisomi kitu. Walikuwa wamesoma mswada kifungu kwa kifungu na kuutafsiri kwa Sheng na lugha za nyumbani ndio shosho wa ocha ashike. Kesho yake rais akasema hatatia saini. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ikahesabu angalau watu 60 waliokufa kwa maandamano ya hiyo miezi. Weka hilo mbele ya shairi la Juma, uone venye linashindwa. Walimkaidi mkubwa, wakatoka home bila ruhusa, na wengine hawakurudi. Nani anaweza kusimama kwa stage na kunyoosha kidole kwa makaburi yao? Hiki ndicho namaanisha nikisema matokeo si hukumu. Mshairi wa vijana lazima ashike hizi vitu mbili mkono tofauti, hata kama ni kwa shairi la bangi na kusneki, juu siku moja itakuwa ni shairi la mtu ameenda kudai haki yake.

Lugha pia imekuwa sehemu ya vita. Brooks aliandika machali wake wakibonga Kiingereza cha mtaa wao, bila kukinyoosha. Mwenyewe alisema "We Real Cool" ilipigwa marufuku hapa na pale, juu kuna wasomaji waliona neno jazz mle ndani ni mambo ya kitandani. Yeye alikuwa anamaanisha mahewa. Huku kwetu mtoi akishikwa anabonga Sheng shule anabebeshwa disk ya aibu siku mzima kama amebambwa na kosa la jinai, na insha ikija anaambiwa aandike kuhusu maisha ya kijana. Ataandika na mdomo wa nani?

Brooks hakubaki nje ya mlango. Kwa ile miaka ya mwisho ya sitini aliendesha darasa la ushairi na vijana waliokuwa karibu na Blackstone Rangers, mojawapo ya magenge makubwa ya Chicago, na akawaandikia shairi kwa kitabu cha In the Mecca cha 1968. Kati ya waandishi wachanga waliokaa naye kuna mmoja alikuwa anaitwa Don L. Lee. Alianzisha shirika la vitabu, Third World Press, 1967, na baadaye akachukua jina la Haki Madhubuti. Kiswahili sanifu kabisa, kimebebwa na msee wa Chicago. Na 1971 Brooks mwenyewe alisafiri akafika Kenya na Tanzania. Mimi hufikiria venye angepita Eastlands ya leo, kwa hizo jointi za puli, asimame tena kwa mlango.

2010 mshairi mwingine wa Marekani, Terrance Hayes, alitoa shairi linaitwa "The Golden Shovel". Alichukua lile la Brooks lote, neno kwa neno, akaliweka upande wa kulia, kila neno likawa mwisho wa mstari wake mpya. Ukisoma ukishuka pembeni unapata wachezaji wa Brooks. Ukisoma kawaida, kushoto kuenda kulia, unapata stori ingine, ya mtoi na buda yake wanaingia jointi jioni. Sai hiyo ni bahari kamili, inaitwa jina la ile jointi, na washairi kibao wameitumia.

Nataka ifanywe huku, na najua pa kuanzia. Chukua mistari miwili mitatu ya Mwana Kupona, ile ya kumwita msichana wake karibu. Shusha maneno yake pembeni kulia, moja moja. Alafu jaza kushoto na maisha yako, kwa Sheng yako, na kila mstari ni lazima uishie kwa neno la mathee. Utapingana naye, utamkubali, utamuuliza mbona hakusema kitu kuhusu nduthi na chipo na karao, lakini kila mara utarudi kwa neno lake, na utajua kama linakaa ama linakataa. Ticha wa drama, kama unasoma hii, hiyo kazi usimpee kiranja. Mpee yule msee amerudi juzi kutoka suspe, umwachie na mwezi mzima, na akimaliza usiguse Sheng yake kabla majaji hawajaisikia.